Kifaurongo Hatazamwi

Daktari alimwambia mzee atembee kila jioni, taratibu, hadi kona ya duka la mkaa na kurudi. Habari za wadudu hakuzitaja. Wadudu aliwaongeza mzee mwenyewe.

Alikuwa fundi saa mstaafu, na katika kazi yake yote alichobaki nacho ni kile kioo kidogo cha kubana kwenye jicho. Kwa kioo hicho aliwachungulia sisimizi wa mlangoni, jongoo wa mtaroni, buibui wa nguzo ya umeme. Dada yake, mshonaji wa sare za shule, aliyefiwa na mume akarudi kuishi naye katika nyumba ya wazazi wao, alikuwa akisimama pembeni mikono kiunoni. Hamjaenda popote, mtu keshachutama.

"Hee! Tumetoka kutembea au kuhesabu miguu ya jongoo?"

"Dada, njoo uone. Huyu ana vinyweleo hadi magotini."

"Magoti yangu mwenyewe yamenishinda, nitayaweza ya mdudu?"

Alimpenda kwa kumfokea. Njia nyingine hakuwahi kujifunza. Na kusema kweli, mdogo wake alikuwa mvivu wa kutupwa tangu utotoni. Mama yao akiita mtu wa kuchota maji, kitinda mimba huyu alianguka palepale alipo, macho kayafumba, ulimi nje, amekufa. Wakimtikisa, ndiyo kwanza anakaza. Mama akampachika jina la Kifaurongo, kama ule mmea wa kando ya njia unaokunja majani ukiguswa, na dawa yake akaipata kwenye mmea huohuo. "Mwacheni," alisema. "Msimguse, msimtazame. Mpeni mgongo." Wakimpa mgongo, haukupita muda kicheko kikasikika nyuma yao, na marehemu akatumwa maji.

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika punde tu na mawingu yalikuwa bado yameinama juu ya mapaa. Kumbikumbi walikuwa wametoka kwa wingi, wanaruka kidogo, wanaangusha mbawa, wanaanza kutambaa. Mzee alisimama getini kuwatazama. Akasimama tena kwenye nguzo. Hata kabla ya kumaliza ukuta wa jirani akachutama mbele ya vunjajungu mmoja wa kijani, kiganja kimeshika ukuta.

"Usimguse huyo, utakuja kuvunja vyungu! Nyumbani kimebaki kimoja."

"Simgusi. Ngoja kwanza, dada. Ananitazama."

Alingojea huku akisonya, macho juu mawinguni, mawazo kwenye nguo alizoziacha kambani. Jasho lililokuwa likimtoka mdogo wake katika ubaridi ule hakuliona.

Karibu na duka la mkaa kulikuwa na kifaurongo kimetambaa chini ya ukuta. Mzee aliinama akakigusa, majani yakajikunja. Akakaa chini. Kisha akalala ubavu, polepole, na kioo kikamtoka jichoni kikabingirika hadi kwenye matope.

"Haya, umekufa," dada alisema. "Makiwa."

Akampa mgongo. Akatembea hadi kwenye kona, akasimama kutazama mbawa za kumbikumbi zikielea kwenye dimbwi, anasubiri kicheko. Miaka mingi mdogo wake hakuwa amemchezea mchezo huo, na alifurahi. Alifurahi hata akaanza kutabasamu peke yake.

"Mama!" muuza mkaa alipiga kelele. "Mzee wako kaanguka!"

"Mwache, atacheka sasa hivi."

"Mama, huyu hachezi."

Hospitalini daktari alimuuliza dada kama mzee alikuwa akihema sana njiani, kama alilazimika kupumzika mara kwa mara.

"Hapana. Alikuwa anasimama kuangalia wadudu."

Hapo ndipo dada alipoelewa. Kila jongoo alikuwa pumziko. Kila buibui alikuwa pumzi iliyokatika, imefichwa ili isije ikaitwa uvivu. Aibu ilimchoma, na juu ya aibu hasira: kwa nini hakusema tu? Lakini alijua kwa nini. Aliujua ulimi wake mwenyewe.

Mdogo wake alikuwa amelala chali, mrija puani, vidole vimejikunja juu ya shuka.

"Mshike mkono, mama," muuguzi alimwambia kwa upole. "Ongea naye. Wanasikia."

Akanyoosha mkono. Alipokaribia vile vidole akaurudisha.

"Akiguswa anakaza," alisema. "Huyu namjua mimi."

Akatoka nje ya chumba, akasimama kwenye korido, mgongo ameupa mlango. Mkononi alikuwa na kile kioo, bado kina matope. Kwenye kizingiti cha dirisha kumbikumbi mmoja asiye na mbawa alikuwa akitambaa, akifika mwisho anageuka. Dada alimtazama huyo. Masikio yake yote yalikuwa nyuma.

Mlango ulifunguka. Viatu vya muuguzi vilikuja vikasimama karibu naye.

"Mama. Pole sana. Ametuacha."

"Sema polepole," dada alisema bila kugeuka. "Na wewe usimtazame. Njoo usimame huku na mimi."