Fimbo ya Gia Haitoki

Barua ya duka la pikipiki ilisema mpira wa breki ya mbele kwenye toleo letu unapasuka, kwa hiyo kampuni inaziita zote zirudi zibadilishiwe bure. Hapo sawa. Chini yake wakaongeza kwamba mteja atoe kwanza kila kikorokoro alichofunga mwenyewe, pikipiki ifike kama ilivyotoka kiwandani. Thubutu!

Si kwamba naogopa kazi. Mimi ni msoma mita za maji, na pikipiki ndiyo ofisi yangu. Asubuhi hiyo mimi na mjomba wangu, fundi wa kuchomelea, tuliivua pale uani kitu kimoja kimoja: kioo cha upepo, taa mbili za ziada, kikapu cha mbele, vyuma vya kukinga miguu, boksi la nyuma. Kila bolti tuliizungushia karatasi tukaandika ilikotoka, maana mjomba akifungua bila kuandika, siku ya kufunga hubaki na bolti tatu mkononi na kuapa kwamba hizo hazikuwa na kazi. Kisha nikasugua tope mpaka chuma kikang'aa. Sikutaka mtu aniambie nimewaletea shamba.

Ikabaki fimbo.

Mguu wangu wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini, haunisikii tangu nikiwa mtoto. Na gia hukanyagwa kwa mguu huohuo. Basi mjomba alikata pedali akachomelea chuma kinachopanda mpaka pembeni ya kiti, nami nabadilisha gia kwa mkono. Bahati nzuri aina hii haina klachi ya kushika. Miaka sita sasa. Ukiitoa fimbo ile siendi popote, na bosi wangu anatafuta sababu tu ya kunikalisha kwenye dirisha la malalamiko.

"Tuitoe tu, mpwa wangu," mjomba alisema, spana mkononi. "Wakimaliza nitairudisha. Ya nini kugombana na watu?"

"Mjomba, weka spana chini. Naingia pale nimepanda, siikokoti."

Kule dukani, bwana wa mapokezi alinipima kwa macho, mguu kwanza, halafu fimbo. Akamgeukia mjomba.

"Mzee, mwambie dada hicho chuma si cha kampuni."

"Masikio nimekuja nayo," nikamkata kauli. "Niambie mwenyewe."

Akanigeukia. "Dada, ni utaratibu. Chuma kitoke, tufunge pedali mpya, ndipo fundi aiguse."

"Breki iko mbele, fimbo iko pembeni. Inawazuia nini?"

"Kazi ikiisha, lazima fundi aijaribu barabarani. Hapa hakuna anayeendesha kwa fimbo."

"Hiyo shida ya mafundi wenu. Mimi naendesha kila siku."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mjomba akanivuta shati, nikamwambia aniache. Nilikuwa na hasira, na wala sikuona haya.

Kelele zikamtoa mkuu wa karakana, baba mnene mwenye ovaroli ya bluu. Akasikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu. "Fungeni mpira mpya," akaamua. "Nitaijaribu mwenyewe. Nikishindwa, pedali inarudi."

Saa moja baadaye akapanda. Lo! Mkono wake ulishika fimbo, lakini mguu wake ulisahau na kukanyaga hewa. Pikipiki ikaruka, ikashtuka, ikaelekea kwenye rundo la matairi. Mafundi wakaziba midomo. Mara ya pili vilevile. Akashuka jasho likimtoka.

"Umeona, mkuu?" bwana wa mapokezi akadakia. "Nilete pedali?"

Nikapanda kabla hajapiga hatua.

"Mkuu, unataka kujua breki inashika au haishiki?"

"Inashika au haishiki, ndiyo."

"Basi panda nyuma. Naendesha mimi, unapima wewe. Nishike vizuri, usinione haya."

Akapanda. Tukatoka getini, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Funga!" akapiga kelele sikioni. Nikabana ya mbele peke yake. Pikipiki ikasimama pale pale, helmeti yake ikagonga yangu. Tukarudia kwenye barabara tupu, tukarudia kwenye mteremko.

Pale kaunta akavuta fomu. Akafika kwenye mstari wa aliyeijaribu barabarani, kalamu ikasimama. Akanipa mimi.

"Lakini mkuu, hapo huandika fundi," bwana wa mapokezi akasema.

"Aliyejaribu ni yeye. Mimi nilikuwa abiria."

Nikaandika jina langu, la baba na la babu, nikikandamiza kalamu mpaka likatokea kwenye nakala ya chini.