Mwanaume Aliyetungwa Gazetini

Mseti, mwandishi wa gazeti, alijiona mjanja kweli siku ile alipomgeuza Skolastika kuwa mwanaume. Muuguzi huyo wa zahanati moja ya binafsi kule Bunda alimweleza jinsi dawa zilizokwisha muda wake zinavyobandikwa tarehe mpya, akamsihi asimtaje. Mseti akaandika: “Mfanyakazi mmoja wa kiume aliyeomba jina lake lihifadhiwe.” Nani angemshuku mwanamke? Habari ikatoka ukurasa wa mbele, na mtaani kwake Mukendo kila aliyekutana naye akamsifu.

Lakini mjanja wetu hakujiuliza swali dogo tu: zahanati ile ina wanaume wangapi? Alikuwapo mmoja, Apolinary, mlinzi wa geti. Alifukuzwa kazi hata gazeti halijaanza kufungiwa maandazi.

Mzee huyo alifunga safari mpaka ofisini kwa Mseti, mjini Musoma, kofia mkononi.

“Mwandishi, mimi nilikuwaga getini tu, hata hizo dawa sizijui. Waambie si mimi.”

“Mzee wangu, maadili ya kazi hayaniruhusu. Chanzo cha habari hatukitaji wala hatukikanushi.”

Maadili! Mseti mwenyewe alijisikia vibaya kulitamka, maana uongo ule haukuwa maadili ya mtu yeyote. Mzee akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa kupokelewa, akaondoka. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Jumatatu Skolastika akapiga simu kutoka kwao Butiama.

“Kaka, nimeenda kwa bosi nikajitaja mwenyewe, na kazi nimeacha. Hajaniamini! Anasema namkingia mzee kifua, eti gazeti limesema mwanaume. Andika ukweli, na jina langu uliweke.”

Aibu ilimshika Mseti mpaka masikio yakawaka moto. Aliyeomba kufichwa amejitokeza, yeye bado amejibanza. Akaketi, akaandika yote: kwamba aliyetoa habari ni Skolastika, kwamba Apolinary hahusiki hata chembe, kwamba yule mwanaume alikuwa wa kutungwa. Akaisoma tena. Ilijitosheleza, mzee angerudishiwa kazi yake.

Ikabaki nafasi ya jina la mwandishi. Akaandika Mseti, akalitazama, akawakumbuka wale waliomsifu mtaani. Akalifuta. Mahali pake akaandika “Na Mwandishi Wetu”, akaituma habari kwa mhariri.