Uzi wa Kushoto

Kwetu milimani, uzi wa kawaida husokotwa kuelekea kulia. Wa kushoto ni wa kinga: hutiwa kwenye pindo za mshipi wa kumfungia mtoto mchanga, ili baya likija lirudi lilikotoka. Anayeusokota ni wifi. Na mimi, Saturnina, ndiye wifi pekee wa Eulogia, mke wa kaka yangu.

Mimba yake ya kwanza ilinikuta kwenye mavuno ya viazi. Mgongo uliniuma, na kusokota kushoto kunachosha, vidole vinagoma. Nikasokota kulia, nikampelekea. Ulikuwa uvivu mtupu, sina jina jingine la kuupa. Eulogia akafuma mshipi, akamfungia mtoto. Mtoto aliishi siku tisa.

Watu walisema ni baridi. Mimi nilikunywa supu ya matanga nimeinamisha uso. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya yule mtoto niliiharibu mimi.

Juzi Eulogia akaja na sufu ya alpaka, mnyama wetu wa milimani, tumbo limemtangulia mlangoni.

"Wifi, mbona umenuna kama kondoo aliyenyeshewa? Kazi yako hii. Na usinikawize, huyu ana haraka kama baba yake."

"Mpe mwingine."

"Nani? Kaka yako ana dada mwingine nisiyemjua?"

Nikapiga moyo konde. "Eulogia, ule uzi wa kwanza niliusokota kulia. Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea. Yeye akaketi polepole, sufu mapajani.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nafuma tangu nina miaka saba, wifi. Nilipoushika tu, vidole vikaniambia. Nikasema moyoni, nikiurudisha wifi atanuna, atanitangaza kijiji kizima kwamba nina maringo. Nikaufuma hivyo hivyo. Nikamfunga nao mwanangu kwa mikono yangu hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mwaka mzima nakukwepa, naogopa usije ukaniuliza."

Kumbe nami nilikuwa namkwepa yeye. Tulilia mpaka majivu yakapoa jikoni. Kisha nikachukua kijiti cha kusokotea, nikakizungusha kushoto. Eulogia hakuondoa macho kwenye vidole vyangu mpaka sufu ilipoisha, wala sikumlaumu.