Maziko ya Kuigiza

Mkewe alianza kumuuliza theluji ilipoyeyuka. Ramis alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akipuliza makaa, mara sauti ikatoka nyuma ya mlango wa stoo, ya chini, yenye adabu, kama ya mtu aliyesimamishwa ofisini.

"Mzee wangu, wananiuliza jina. Nijibu lipi?"

Hakugeuka. Nazife alikuwa kaburini tangu Januari. Ramis alipuliza makaa mpaka macho yakamtoka machozi, akajiambia ni moshi.

Majira yale ya baridi serikali ya Bulgaria iliamua kwamba nchi nzima haina Mturuki hata mmoja, na haijapata kuwa naye. Waliojiita Waturuki, wakubwa walisema, ni Wabulgaria ambao babu zao walisilimishwa kwa upanga wa Sultani. Basi wakaja na askari, mbwa na mashine ya chapa, wakakizingira kijiji, na kila mtu akapewa jina jipya. Ramis akawa Rumen. Nazife, aliyekuwa kitandani na homa ya mapafu, akawa Nadezhda. Karani aliegemeza karatasi ubaoni mwa kitanda, akaandika huku mgonjwa anakohoa. Daktari hakuruhusiwa kupita kwenye kizuizi cha askari. Nazife alipokufa, meya alitia saini cheti cha Nadezhda na kumzuia shehe asisogee makaburini. Wakamfukia kama wanavyofukia viazi. Hakusomewa talakini.

Ramis alikuwa na madarasa manne tu, lakini hili alilijua. Watu wakishaondoka kaburini, shehe hubaki peke yake, akamwita maiti kwa jina lake na jina la mama yake, akamkumbusha la kuwajibu malaika. Nazife hakuitwa. Sasa wamefika, wanamuuliza, naye anahangaika kati ya jina alilozaliwa nalo na lile la karani.

"Bei mbaya ya tumbaku ni kosa la meya," Ramis alizoea kusema. "Ukame ni wa meya. Bawasiri yangu hii ni ya meya. Lakini la Nazife, hilo nitamdai mpaka ahera."

Kumsomea mwenyewe hakukumpitia akilini. Ile ni kazi ya shehe, naye Shehe Yumer alikuwa amefanywa Yulian, dereva wa trekta la ushirika, na kila alikopita polisi wa kijiji, Penko, alikuwa nyuma yake. Kutamka jina la zamani ilikuwa faini. Kuzungumza Kituruki, faini. Suruali pana za maua za wanawake zilitolewa masandukuni zikapakiwa kwenye malori.

Mwezi wa Mei malori yakarudi. Safari hii yalileta kamera.

Ilikuwa filamu kubwa ya taifa, juu ya jeshi la Sultani lilivyopanda milima hii na kuwapa Wakristo majina ya Kiislamu kwa nguvu. Watu wa kujaza mandhari walihitajika wengi, basi kijiji kizima kikaamriwa. Asubuhi walikuwa Wabulgaria wa kuchinjwa. Alasiri walibandikwa masharubu kwa gundi, wakawa askari wa kuwachinja.

"Ndugu Rumen," Penko alimtania, "leo wewe ni nani?"

"Asubuhi nilikatwa kichwa, ndugu. Sasa nasubiri panga langu nije nijikate tena."

"Mdomo huo, mzee. Utakuponza."

Ajabu ni kwamba ndani ya kamba iliyozungushiwa kamera, hakukuwa na faini. Mwongozaji, kijana wa Sofia aitwaye Lyudmil, shingoni kajifunga skafu kwenye jua lote lile, alikuwa akiwasihi kwa kipaza sauti: "Iteni! Mustafa! Dzhafer! Nataka majina yatishe!" Na wazee waliotozwa faini Jumapili kwa kusalimiana "merhaba" wakawa wanaitana majina yao kwa sauti zote, wanalia, na Lyudmil anapiga makofi kwa jinsi wanavyojua kuigiza.

Siku moja Ramis alimwona mwigizaji wa Sofia amevaa suruali ya zambarau yenye maua meupe, na kwenye goti la kushoto kiraka cha samawati. Kiraka kile alikishona Nazife. Yule dada alikuwa akijivutavuta kiunoni.

"Hii nguo ina nini?" alimuuliza mtu wa mavazi. "Kila nikikaa, ni kama kuna mtu ndani yake anataka kusimama."

Ramis aliondoka pale bila kuaga. Asubuhi iliyofuata sauti ilikuwa karibu zaidi, upande huu wa mlango. "Mzee wangu, wamekasirika. Nijibu lipi?"

Wiki ile Lyudmil akatangaza kwamba mama wa aga, bwana mkubwa wa Kituruki katika hadithi, anakufa, na maziko yake lazima yawe ya kweli hatua kwa hatua. Akamtaka mtu anayejua. Penko mwenyewe ndiye aliyemleta Shehe Yumer, ameketi kwenye trekta lake kama mahabusu.

Ramis akamfuata nyuma ya gurudumu. "Shehe. Utasoma talakini?"

"Ndivyo walivyotaka."

"Utamwita nani?"

"Wameniambia niseme jina lolote la Kituruki." Yumer alimtazama, kisha akatazama chini. "Ramis, usiniombe hilo. Nina watoto."

"Anakuja kila asubuhi, shehe. Anasimama jikoni kwangu kama mwombaji. Miaka thelathini na moja hakunisimamia mlangoni hata siku moja, aliingia tu na kuanza kunigombeza. Sasa ananiogopa. Maiti anamwogopa karani!"

Shehe akafuta mikono yenye mafuta ya trekta, akafuta tena. "Lakini lazima niwe kichwani mwake hasa. Si kwenye shimo la sinema."

Hilo Ramis alilitengeneza. Alimwambia Lyudmil kwamba bondeni ni mwamba mtupu, hakuchimbiki, ila makaburini udongo ni laini na kilele chote kinaonekana nyuma. Kijana akapanda kutazama, akatengeneza kijidirisha kwa vidole vyake, akachungulia. "Na hapa kalala nani?" aliuliza, akionyesha fungu la udongo lenye kibati. Penko akamsomea kibati: Nadezhda. Lyudmil akatikisa kichwa kama aliyeonja kitu kitamu. Ramis akapewa koleo, akachimba shimo la kuigiza ubavuni mwa mkewe.

Siku ya maziko palikuwa na jua kali na ukungu mwembamba juu ya nyasi. Wakateremsha sanda iliyojazwa majani makavu, wakafukia, na kwa desturi wakarudi nyuma wote, mpaka penye ukuta. Shehe Yumer akabaki peke yake. Akapiga magoti, lakini kidogo kando, kichwani mwa lile fungu la zamani. Kamera ikamfuata.

"Ewe Nazife binti Kerime!"

Kengele za kondoo zilinyamaza mlima mzima.

"Ewe Nazife binti Kerime! Ewe Nazife binti Kerime! Watakapokujia wale wawili na kukuuliza..."

Fundi wa sauti akavua vifaa masikioni, uso umempauka kama majivu. Alingoja shehe amalize, ndipo akauliza polepole: "Nani kaitika?"

"Hakuna aliyeitika," alisema Lyudmil. "Wanawake wote wako bondeni."

Wakarudisha utepe. Katika spika ile ndogo sauti ya shehe iliita mara tatu, na mara ya tatu, karibu sana na maikrofoni, kana kwamba mdomo uligusa waya, mwanamke alisema: "Abee."

Lyudmil akajishika mikono, vinyweleo vimemsimama. "Hatuifuti," akanong'ona. "Hiyo hatuifuti hata kwa bunduki."

"Nazife ni nani?" Penko aliuliza.

"Jina la kuigiza, ndugu," Ramis akajibu. "La enzi za Sultani."

Tangu siku ile nyumba ikatulia. Ramis alichochea jiko asubuhi, akanywa kahawa, akatunga majani ya tumbaku uzini, na nyuma ya mlango wa stoo hapakuwa na kitu ila vitunguu. Vuli ikapita, na baridi. Alimkumbuka mkewe kama watu wengine wanavyokumbuka wake zao, kwa uchungu wa kawaida, na akaona hiyo ni neema.

Masika filamu ikaletwa katika jumba la utamaduni. Kuhudhuria kulikuwa lazima. Ramis alikaa karibu na Selvinaz, jirani yake, mjane mwenye ulimi, ambaye siku hizi aliitwa Silvia. Taa zikazimwa. Watu wakajiona ukutani wakubwa kama minara, wanachinjwa, wanabatizwa majina kwa upanga, na muziki ulikuwa mzito kiasi kwamba ukumbi mzima ukaanza kulia. Ramis naye alilia. Akajiona anakatwa, kisha akajiona, na masharubu ya gundi, anakata.

Selvinaz akatema mate sakafuni. "Mungu awalaani Waturuki hawa!"

"Selvinaz, yule ni mimi."

"Nyamaza, Rumen. Acha tutazame."

Alisema Rumen. Hata hakujisikia.

Kisha yakaja makaburi na ukungu. Mama wa aga, filamu ikasema, kabla ya kukata roho alikiri kwamba hakuwa Mturuki: alikuwa binti wa Kibulgaria aliyeibwa. Shehe Yumer akapiga magoti, kinywa chake kikafunguka, na ikatoka sauti nene ya mwigizaji mwanamume wa Sofia, iliyopachikwa juu ya yake.

"Ewe Nadezhda!"

"Abee," akajibu Nazife.

Ni yeye. Sauti yake ileile, na kile kikohozi kidogo mwishoni. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwishoni wakubwa walisema mkanda utazungushwa nchi nzima, shule zote, kambi zote.

Asubuhi Ramis aliogopa kuwasha jiko. Alisikia miguu kwanza, peku, ikiburutwa sarujini.

"Mzee wangu," alisema nyuma ya kisogo chake, "wananiambia nimekwisha jibu. Wanasema nimeitikia lile jingine, na bado naitikia. Nimeitikia, mzee wangu?"

Ramis akavaa kofia. Hakupita kwa shehe. Shehe ana watoto. Jua lilikuwa limepanda, wanawake wote wako mashambani chini ya makaburi, wameinama wakipanda miche ya tumbaku. Akapanda kilima, akang'oa kibati, akapiga magoti. Maneno ya talakini hakuyajua yote. Akasema aliyoyajua, kwa Kituruki, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Nazife binti Kerime! Ukiulizwa, hilo ndilo! La pili ulipachikwa! Nazife binti Kerime!"

Chini, migongo ikanyooka shambani.

"Abee," ikaja kutoka udongoni, na baada yake pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Ramis alikuwa anainuka, anajifuta magoti, aliposikia kutoka fungu jingine lenye kibati, sauti ya mwanamume: "Na mimi?"

Kisha upande wa ukuta, ya kitoto: "Na mimi?"

Ndipo akaona. Wote waliozikwa tangu Januari ile, kila kibati na jina la karani. Akaenda kwa yule wa kwanza. "Sabri!" Huyo alikuwa fundi viatu. Lakini binadamu huitwa kwa mama yake, na mama wa Sabri alikuja kuolewa kutoka kijiji cha mbali, akafa kabla Ramis hajapata akili. Alijipiga paji la uso. Barabarani gari la Penko lilikuwa limeshageuka, linapanda.

Akasimama juu ya ukuta, akafanya mikono kipaza sauti.

"Enyi wanawake! Mama yake Sabri aliitwa nani?"

 Walitazama gari, wakatazama miche. Gari likabadilisha gia kwenye kona. Kisha mmoja akalitupa chini kapu lake la miche, akavuta kitambaa kutoka kinywani, na ilikuwa sauti ya Selvinaz, kali kama siku zote.

"Hatidzhe!" alipiga ukelele. "Mwite Hatidzhe, na uharakishe!"