Tafsiri ya Mzee Tajdin

Sisi wa ushirika wa Jumapili tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kumwombea mtu asiye na jina. Ukisimama ukasema kuna ndugu fulani ana haja fulani, mchungaji Polycarp atakutazama juu ya miwani mpaka umtaje. Jina lake nani, anaumwa nini, amelazwa wapi. Tunakutana mchana katika ukumbi wa chini wa kanisa la watu wengine huku Scarborough, Kanada, wenyewe wakishamaliza ibada yao ya Kiingereza, na tukishafunga mlango siri za kila mtu zinakuwa zetu. Nayasema haya mapema kwa sababu Otilia anajilaumu peke yake, na mimi hilo linaniudhi.

Otilia, au Mama Jacky kama tunavyomwita, ni muuguzi katika nyumba ya wazee, zamu ya jioni. Ni mtu wa maneno machache. Alipohama Crescent Town na mumewe wakanunua nyumba Fernhill, tulijua siku tuliyoona funguo mpya kwenye mkoba wake. Fernhill ni mji ule uliokuwa mashamba ya mahindi juzi tu. Sasa ukipita unakuta nyumba mpya zimebanana, kila moja na gereji yake, na wenyewe wametoka Colombo, Lahore, Kingston, Moshi.

Mwaka 2014 mkuu wa polisi wa Fernhill alistaafu. Alikuwa mzee wa enzi za mashamba, aliyezoea kesi za ng'ombe waliovunja uzio. Bodi ya polisi ikatangaza nafasi, na safari hii ikasema itachagua wakazi watano wakae kwenye jopo, wawasikilize waombaji na kutoa maoni. Otilia alichaguliwa. Mwingine aliyechaguliwa ni Mzee Tajdin, mwenye duka la dawa pale plaza, Mwislamu wa Ismailia aliyezaliwa Mwanza, anayeongea Kiswahili kitamu kuliko cha watoto wetu wote tukiwakusanya. Huyo ni kinyume cha Otilia. Anaongea na mteja mpaka dawa inasahaulika. Siku ya kwanza ya jopo alikuja na suti iliyopigwa pasi ikanyooka, akawaambia wajumbe wa bodi kwamba anamjua kila mtu Fernhill pamoja na presha yake.

Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, aliwaapisha. Akawaeleza kwamba kila mwombaji ana kazi yake mahali pengine, na mkubwa wake hajui kama anatafuta nyingine. Jina likivuja, mtu huyo ameharibikiwa kotekote. Otilia akaapa. Aliporudi nyumbani mumewe akamuuliza wamekuja akina nani, akamjibu kwamba wamekuja watu.

Mwombaji wa tatu alikuwa mwanamke. Aliitwa Thacienne, naibu mkuu wa polisi katika mji mmoja mwendo wa saa kadhaa kutoka hapa, aliyefika Kanada akiwa msichana mkimbizi kutoka Bujumbura. Otilia alikuwa amepewa swali la kusoma: ukipata kazi hii utaanza na nini? Wale wawili waliotangulia walijibu kwa mikakati na takwimu. Thacienne alisema jana yake alikuja mapema, akapanda basi la mji, akashuka kituo cha kando ya barabara kuu, na hapo hapana taa. Aliuliza wanawake wawili waliokuwa wakishuka, wakamwambia hutembea wakiwa wameshika funguo katikati ya vidole. "Najua taa si kazi ya polisi," alisema, "lakini ningeanzia hapo."

Kile ndicho kituo cha Otilia. Anashuka pale kila akitoka kazini, na funguo zake anazishika hivyohivyo. Hakuwahi kumwambia mtu. Thacienne alipokuwa anaondoka akapita mbele yake, akasema polepole kwa Kiswahili, "Asante, mama." Basi, moyo wa Otilia ukaenda naye.

Nje, kwenye maegesho, Mzee Tajdin alimkuta Thacienne anahangaika na ramani ya simu. Akamwelekeza njia, kwa Kiswahili, na kwa kuwa ni Tajdin akaongeza habari za Ziwa Victoria na bei ya sato. Wajumbe wa bodi waliwaona dirishani wakicheka.

Jumapili iliyofuata mchungaji Polycarp akauliza mahitaji ya maombi. Otilia akasimama. Tulishangaa, maana huwa hasimami.

"Kuna dada yetu mmoja," alisema, "anatafuta kazi kubwa. Naomba tumkumbuke."

"Amina. Jina lake nani, Mama Jacky?"

"Mungu anamjua."

"Mungu anamjua, ndiyo, ila sisi hatumjui," mchungaji akasema, na ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka. "Tumtaje mbele za Bwana, mama. Tusiombe hewani."

Otilia alituangalia. Ameniambia baadaye kwamba alituona kama jikoni kwao, nyuso zilezile zilizokaa naye alipomzika mama yake kwa simu, zikamchangia nauli ya kwenda kuliona kaburi. Alijua kiapo. Lakini alimtaka yule mwanamke kwa nguvu sana, na akaogopa kwamba dua isiyo na jina haitafika.

"Thacienne," akasema. "Ukuu wa polisi. Kwetu Fernhill."

Tukanyoosha mikono, tukaomba sote kwa pamoja kwa sauti, kila mtu na maneno yake, mpaka mabomba ya joto ukutani yakatetemeka. Kabla hatujafika kwenye magari, ujumbe ulikuwa umeshaingia kwenye group letu la WhatsApp: *Wapendwa tuzidi kumwombea dada yetu Thacienne aliyefanyiwa usaili wa ukuu wa polisi Fernhill, Bwana ampe kibali. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Amina.* Nami niliutuma kwa watu wawili tu, watu wa kuaminika. Kila mtu aliutuma kwa watu wawili wa kuaminika. Ukaenda Dixon Road, ukaenda Ottawa, ukaingia kwenye group la Warundi, na huko kulikuwa na kijana mmoja anayeishi mji uleule wa Thacienne, akampongeza hadharani kwenye Facebook. Gazeti la mji huo likampigia simu mkuu wake kumuuliza kama ni kweli naibu wake anaondoka.

Thacienne alijitoa kwenye usaili wiki ileile. Mkuu wake hakumfukuza. Alimwondoa tu kwenye shughuli zote za maana, akampa kusimamia sare na magari. Otilia aliyapata hayo gazetini, akiwa kwenye basi, akapitiliza kituo chake.

Bodi ikawaita wale watano. Mwenyekiti aliweka mezani karatasi iliyochapishwa ule ujumbe. Alisema hawezi kuusoma, ila jina la yule mama limo na jina la mji limo, na ameambiwa lugha hiyo ni Kiswahili. Kisha akageuka, kwa upole wake, akamtazama Mzee Tajdin. Kwa Otilia hakugeuza macho hata kidogo. Nani angemdhania Otilia? Kwenye jopo alikuwa amesema maneno yasiyojaza mkono.

"Bwana Tajdin, tafadhali tusomee maana yake."

Mzee Tajdin akavaa miwani. Alisoma kimya kwanza, mpaka mwisho, na Otilia akaona macho yake yanasimama pale mwishoni. Halafu Tajdin akainua kichwa, akamtazama yeye. Ni kitambo kidogo tu, lakini Otilia anasema alijisikia amevuliwa nguo. Mle chumbani walikuwa wawili tu wanaojua Kiswahili, na mmoja kati yao haombi kwa jina la Yesu. Mzee alikuwa na kila kitu cha kujisafisha mkononi mwake. Angesoma tu kilichoandikwa.

Akatafsiri. Wapendwa, tuzidi kumwombea dada yetu. Usaili. Fernhill. Kibali. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, akafika kwenye "ampe kibali," akavua miwani.

"Ni hayo tu?" mwenyekiti akauliza.

"Ni hayo tu."

Otilia alifungua mdomo. Anaapa kwamba aliufungua. Akafikiria kazi yake, leseni yake, jina lake kwenye gazeti, mchungaji, sisi. Na wakati anafikiria, mwenyekiti alikuwa ameshasema kwamba Bwana Tajdin ndiye aliyeonekana akizungumza na mwombaji huko nje, na kwamba hamshutumu mtu. Mzee Tajdin akajibu kwamba anajiuzulu. Akasukuma kiti chake ndani ya meza taratibu, kama mtu anayeondoka msibani.

Otilia alimkimbilia nje bila koti.

"Mzee! Kwa nini umefanya hivi?"

"Mama Jacky, rudi ndani, baridi."

"Ni mimi, mzee. Unajua ni mimi."

"Najua. Na wao wakijua, watakuuliza kanisa gani, halafu watamwita mchungaji, halafu kila Mwafrika mwenye simu hapa mjini ataonekana hafai kupewa siri. Mimi ni mropokaji, mji mzima unajua. Kwangu itaishia kwangu." Akafungua mlango wa gari. "Wiki ijayo wanawahoji tena wale wawili. Lazima pale mezani abaki mmoja anayeshukia kituo kile. Uwaulize habari ya taa."

Aliuliza. Mmoja kati ya wale wawili, mwanamume mwenye tabasamu zuri, alijibu kwamba taa ni suala la idara ya barabara, na ndiye aliyepewa kazi. Si mtu mbaya. Otilia anasema hivyo kila mara, kwamba si mtu mbaya.

Hakuweza kula vizuri. Alikonda mpaka Jacky akamuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama anaumwa. Kazini alimpa bibi mmoja chai ya bibi mwingine, yeye asiyekosea. Baada ya kuapishwa kwa yule mkuu mpya, hafla ambayo Mzee Tajdin hakualikwa, alipiga simu kwa mwenyekiti na kuomba kumwona. Nilimpeleka mimi kwa gari langu, nikamsubiri nje.

Alimweleza yote. Alisema ni yeye, kanisani, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Otilia," alimwambia, "nimekuwa kwenye bodi hii muda mrefu. Najua jinsi jamii yenu mnavyolindana. Inanigusa sana. Lakini huna haja ya kujitwisha kosa la rafiki yako."

"Si la rafiki yangu. Ule ujumbe mwisho wake umetaja Yesu. Yeye ni Mwislamu!"

"Tafsiri tulishaipata," mwenyekiti akasema, "na hilo halikuwemo."

Otilia akamwomba aitafute ile karatasi, apewe mtu mwingine yeyote aisome. Mwenyekiti akasema faili limefungwa, mkuu mpya ameanza vizuri, na si vyema kuifukua habari hiyo. Kisha akamuuliza kama angependa kuwa kwenye jopo jingine, la maktaba, kwa sababu amependezwa sana kufanya kazi naye. Alirudi garini akaniambia hayo, nami nikataka kushuka nikagombane. Akanishika mkono. Alilia njia nzima, na mimi nikalia naye, nikiwakumbuka wale wawili wangu wa kuaminika.

Akasema nimshushe plaza, anataka kumwambia mzee kwamba amejaribu. Niliingia naye, ila Mzee Tajdin hakuwepo dukani. Siku hizi, tuliambiwa, haji mchana, maana wateja walishaanza kushusha sauti wakimwona. Kaunta ilikuwa na mkewe, Zebunissa. Mama huyu na Otilia wamesalimiana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza Otilia kuhamia Fernhill. Ni shikamoo, ni marahaba mwanangu, ni habari za Jacky, ni kuulizana wapi mihogo imefika isiyo na weusi ndani.

"Shikamoo, mama," Otilia akasema.

Zebunissa alikuwa anahesabu vidonge. Alimaliza kwanza.

"Baba yake alijenga nyumba Mwanza," akasema bila kuinua macho. "Ghorofa moja. Serikali ikaichukua, tukaja huku na masanduku. Maisha yake yote, Tajdin hajawahi kuitwa na serikali yoyote ila kunyang'anywa. Hii ilikuwa mara ya kwanza wamemwita akae mezani. Ile suti alikwenda kuinunua kwa ajili hiyo. Niliipiga pasi mimi."

"Mama, nimekwenda kuwaambia leo. Hawakuniamini."

"Nilijua ungewaambia siku moja." Akavitia vidonge vya presha vya Otilia, anavyovichukua pale kila mwezi, ndani ya mfuko mweupe, akaukunja mdomo wake mara mbili, akausogeza juu ya kaunta. Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, akaongea naye kwa Kiingereza, kwa adabu ileile anayowapa wapita njia.

"Have a nice day, ma'am," akasema, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yetu.