Boti Inayobembeleza

Mji mzima wa Kalemie, kando ya ziwa, uliisifia boti ya Papa Blanchard kwa kubembeleza. Nyingine zilirusha abiria huku na huku hadi wakatapika. Yake iliinama taratibu, ikasita, ikarudi taratibu, na akina mama wenye vichanga waliisubiri hata siku tatu. Tangu aiongezee ghorofa, utamu huo ulikuwa umezidi. Na utamu huo ndio uliomtia Evodie hofu.

Evodie alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya usanifu wa meli na uhandisi wa majini, ng'ambo ya ziwa, na alikuwa amerudi nyumbani kupima maboti kwa ajili ya utafiti wake. Chuoni alijifunza kwamba boti salama hurudi upesi, kwa ukali. Inayojivuta kurudi imekaribia kushindwa kabisa, na ikishindwa hupinduka. Asubuhi hiyo alisimama gatini akahesabu kwa saa yake muda ambao boti ya Papa Blanchard ilichukua kuinama na kurudi. Zilitakiwa sekunde sita. Akapata kumi na nne. Na mama yake, Mama Virginie, alikwisha kupanda ghorofani, safarini kwenda Moba kumzika dada yake.

Akamkimbilia Papa Blanchard.

"Papa, kule juu kumekuwa kuzito. Watu washuke, nakuomba."

"Mutoto wa Mama Virginie!" Papa Blanchard alicheka. "Miaka makumi mbili niko ku ziwa. Leo unifundishe na saa?"

"Inachelewa kurudi, Papa."

"Njo vile, ndiyo maana watu wanaipendea!"

Akampa mgongo, akapanda, akaamuru kamba zifunguliwe. Mashine ikanguruma. Boti ilipoanza kuachana na gati, Evodie alisahau adabu yote.

"Mama! Shuka! Mushuke wote!"

"Anasema nini?" watu waliulizana.

Ghorofa nzima ikainuka. Wakaja upande wake, vichanga mgongoni, wakabanana ukingoni ili wasikie. Boti ikainama kumwelekea. Ikainama, ikainama, ikakaa hivyohivyo. Maji yakaanza kuramba sakafu ya chini. Mbele ya wote alikuwa mama yake, kiganja sikioni.

"Sema tena, mwanangu!"

Ole wake! Evodie alielewa kwamba kila neno ambalo angeongeza lingemvuta mtu mmoja zaidi ukingoni. Akayameza yote yaliyomjaa kinywani, akacheka kwa nguvu, akapunga mkono.

"Hakuna kitu, mama! Rudini mukae! Musalimie watu ya Moba!"

Wakarudi mmoja mmoja, wengine wakimnung'unikia. Boti ikasita kidogo, kisha ikajiinua. Papa Blanchard akapiga honi, akaelekeza boti kusini.

Evodie hakuthubutu hata kupiga simu, mama yake asije akasimama kuitafuta kwenye mizigo. Aliendelea kutabasamu na kupunga mkono, mashavu yakimuuma, mpaka alipohakikisha kwamba hakuna hata mmoja kule awezaye kuuona uso wake.