Sikuwa na Pembe ya Kuchoma

Nilipigwa kwa sababu sikuwa na kitu cha kuchoma.

Ilikuwa 1976, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, upande wa Kibaoni. Watoto sita walikufa kwa surua, watu wakaenda kumwita Kamchape, mfichua wachawi. Akaamuru kila mwenye nyumba alete pembe zake za uchawi zichomwe uwanjani, kisha achanjwe kifuani na kunywa dawa yake. Aliyeleta alisamehewa hapohapo. Asiyeleta ndiye mchawi.

Basi wasio na pembe wakatengeneza. Jirani yangu Eustace alijaza majivu kwenye pembe ya mbuzi, akaitoa huku analia. Wakampigia makofi.

Mimi nilikuwa katekista. Asubuhi ile shemeji yangu Telesphor, mkubwa wa vijana waliomsaidia Kamchape, alinijia na pembe mkononi.

"Shemeji, chukua. Sema ni yako, unywe, urudi ukale."

"Na Jumapili nitawaambia watu nini?"

"Jumapili utakuwa na meno. Hilo si jambo dogo."

Mke wangu Hilaria akasema, "Chukua, baba Getrude."

Sikuchukua. Si kwamba nilikuwa jasiri. Miaka yote nilikuwa na wasiwasi kwamba nilibatizwa kwa ajili tu ya kaptula waliyopewa waliobatizwa misheni. Nilitaka kujua.

Uwanjani nikasema sina pembe. Kamchape akaninyooshea kidole shingoni.

"Na hiyo? Si hirizi ya wazungu? Itupe motoni!"

Nikaivua rozari, nikaifumbata.

Fimbo ya kwanza ilinipasua sikio. Wakaniangusha. Mtu akanikanyaga shingo, nikatema meno mawili na vumbi. Mama mmoja aliyezika watoto wawili alinipiga mgongoni kwa mwiko wa ugali: "Niambie umewaweka wapi!" Huyo sikumlaumu.

"Fungua mkono, mchawi!" wakapiga kelele.

Telesphor akainama sikioni kwangu. "Fungua, shemeji. Wananitazama."

Sikufungua. Akaletewa mchi wa kutwangia. Akauweka mkono wangu juu ya jiwe, akautwanga mara tatu. Mifupa ilivunjika kama mabua makavu. Nilipiga mayowe, nikajikojolea, nikamtukana matusi ambayo sitayaandika. Lakini mkono ulibaki umefumba, na palepale chini ya mchi wasiwasi wangu wa miaka yote ukaisha. Imani ilikuwa yangu. Sikuwa nimeinunua kwa kaptula. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Kisha nikazirai, wakaniacha wakidhani nimekufa.

Majirani walipokuja kunipa pole, nikawaambia wanipe hongera. Hilaria akaguna. "Hongera ya mkono uliopondwa? Nani atatulimia mpunga?"

Jumapili nilisalisha kwa mdomo uliovimba. Eustace alitazama miguu yake muda wote. Telesphor alisimama mlangoni, shati limefungwa hadi shingoni kuficha chale. Sala ilipokwisha nikamfuata, nikampa mkono uleule, umevimba kama kiazi. Akaushika kwa viganja viwili, taratibu, akaanza kulia mbele za watu.

"Acha kulia, shemeji," nikamwambia. "Kesho njoo na jembe."

Akaja. Mkono haujafunguka hadi leo, na mpunga wangu alinilimia misimu minne.